Sharti la Maji

Kati ya kinyozi na fundi wa tairi pana benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Halina mwenyewe, ila lina wenyewe. Ukikaa mahali pa Wakili hutaambiwa inuka, utaangaliwa tu mpaka uinuke. Watoto wakishakwenda shule, na kabla jua halijavuka paa la kinyozi, hapo ndipo dunia inapoendeshwa: vita vinasuluhishwa, ndoa zinavunjwa, makocha wanafukuzwa kazi. Mbele ya benchi hukaa Shangazi na jiko lake la mkaa, birika lake na karai la vikombe. Ni shangazi wa wote, hata wa Wakili ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Anamimina, anaosha, anawasikiliza wakiendesha mambo ya watu. Asubuhi hiyo walikuwa wanaendesha ya kwake, na hakupenda hata kidogo.

— Umekufa, alisema Wakili, akapuliza kahawa yake. Poleni wafiwa.

— Nani tena? Povu, yule kinyozi, alitoa kichwa mlangoni. Ndani mteja alikuwa amebaki na sabuni shavu moja.

— Mkataba wa Shangazi.

— Aa! Umenishtua. Nilidhani mtu.

— Mimi si mtu? alisema Shangazi, na sauti ilimtoka kavu kuliko alivyotaka.

Simu ilikuwa imeingia alfajiri, akiwa anapepea jiko. Mzee Mashine, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu ambaye hata nyusi zake zina unga, alimwambia kwa upole mwingi, ule upole wa mtu anayetaka kukuumiza bila kupigiwa kelele: “Shangazi, shule zimefunguliwa na maji hayajafika kiwanjani. Mkataba wetu umekufa wenyewe, si mimi wala si wewe. Njoo uchukue hela yako. Mchana nina mtu mwingine anakuja kukiangalia.” Akakata kabla hajajibiwa.

Na hapa lazima ieleweke kiwanja chenyewe ni kitu gani, maana kwa macho ya wengi hakifai hata kulaza mbuzi. Kimebanana na mashine ya kusaga. Ikiwashwa alfajiri, ardhi inatetemeka na masikio yanaziba. Hakuna mwenye akili timamu angetaka kulala pale isipokuwa Shangazi. Kazi yake huanza watu wakiwa usingizini: anakaanga buni mpaka moshi unajaa uani, kisha anaitwanga kwenye kinu cha chuma, na kinu cha chuma hakijui kunong'ona. Kwa ajili ya kinu hicho amefukuzwa kila nyumba aliyopanga. Mwenye nyumba wa kwanza alisema mtoto wake halali. Wa pili alisema mkewe ana presha. Huyu wa sasa hakusumbuka kutafuta sababu, alimpa mwisho wa mwezi tu. Mji mzima una kiwanja kimoja ambacho jirani yake ana kelele kumzidi yeye, na ndicho hicho. Siku alipopelekwa kukiona, mashine ikinguruma, alisimama katikati akacheka peke yake kama mwehu. Hela angeweza kutafuta nyingine, lakini jirani kama yule angempata wapi?

— Si uchukue tu hela yako, Shangazi, alisema Povu. Viwanja viko vingi.

— Viko vingi wapi? Nitajie kimoja ambacho nikitwanga alfajiri jirani haji na rungu.

Povu alifikiri, akajikuna kidevu, akarudi kwa mteja wake.

Mkataba wenyewe uliandikwa hapo hapo kijiweni, na hilo ndilo lililoleta balaa. Wengine wakinunua ardhi huenda kwa mwanasheria. Shangazi alikuwa na benchi. Wakili si wakili kama jina lake linavyodai. Alikuwa mfunga mlango mahakamani, miaka mingi, kazi yake kuwaingiza watu, kuwatoa, na kufunga mlango hakimu anapoanza kusema. Kwa hiyo sheria anaijua kweli, ila anaijua nusu nusu, ile nusu ya kabla mlango haujafungwa. Siku ile ya kuandika alishika kalamu yeye. Povu akataka liingie sharti kwamba muuzaji asifuge jogoo upande wa kiwanja. Likaingia. Bomba, fundi wa maji, mtu wa maneno machache, akasema muuzaji avute maji kutoka mashineni mpaka kiwanjani kabla shule hazijafunguliwa. Shangazi alilipenda hilo. Likaingia. Ndipo Wakili akasema mkataba lazima uwe na meno, akaongeza kwa mwandiko wa madaha: “Maji yasipofika, mkataba huu umekufa.” Wote walipiga makofi. Mzee Mashine alisaini akitabasamu, na hakuna aliyejiuliza anatabasamia nini.

Sasa meno yalikuwa yameuma, lakini yalimuuma Shangazi.

— Mimi nilisikia kwa masikio yangu haya, Wakili aliendelea. Hakimu mmoja mrefu, mtu wa miwani. Alisema hivi: “Pale ambapo sharti la mkataba halikutimia, basi mkataba huo...”

— Mkataba huo nini? aliuliza Shangazi.

— Nikafunga mlango. Lakini kwa uso aliokuwa nao, ulikuwa umekufa.

— Umehukumu kwa uso?

— Shangazi, uso wa hakimu ni sehemu ya hukumu.

— Basi ninyi ndio mlioniua, alisema Shangazi, na safari hii hakucheza. Alitua birika kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika. Nilikuja hapa nataka kiwanja. Mkanipa majogoo, mkanipa meno. Nani aliwaomba meno?

Wakili alishusha macho. Hata redio ya fundi wa tairi ilionekana kupunguza sauti. Watu hawa wanampenda Shangazi, hilo lisitiliwe shaka, na mtu akiona amemharibia anayempenda hufanya moja kati ya mawili: ataomba radhi, au ataleta mawazo. Kijiwe hakina desturi ya kuomba radhi.

— Mimi nina wazo, alisema Povu, ambaye sasa alikuwa ametoka kabisa, taulo begani. Sharti lilisema maji yafike. Lilisema yafike kwa paipu?

— Halikusema, Wakili alikubali kwa tahadhari.

— Basi! Tunachukua ndoo, sote hapa, tunakwenda, tunamwaga. Maji yamefika. Tunapiga na picha.

— Shule zimeshafunguliwa, bwana. Tumechelewa.

— Shule zipi?

— Shule! Watoto hawakupita hapa asubuhi?

— Wamepita wa shule hii. Mkataba ulitaja shule gani? Dada yangu alikuwa anasoma ushonaji. Mwalimu wao aliolewa, chuo kikafungwa mpaka leo. Hiyo nayo ni shule. Haijafunguliwa! Shule zote zikifunguliwa, na ile ya mwalimu aliyeolewa, hapo ndipo aje atusemeshe.

Wakili alitingisha kichwa polepole kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

— Si mbaya, alisema. Si mbaya hata kidogo. Halafu mvua. Mvua haikunyesha juzi?

— Ilinyesha!

— Ilinyeshea kiwanja?

— Itaruka kiwanja kwa nini?

— Basi maji yalifika kabla yetu, bila ndoo, kwa amri ya Mungu mwenyewe. Nani atabisha? Tukimpeleka mahakamani shahidi wetu ni mawingu.

— Mimi ningechimba kibwawa kabisa, alisema Povu, macho yanang'aa. Natia samaki. Mzee Mashine akisema hakuna maji, namwonyesha samaki. Bwana, huyu anaogelea kwenye nini?

— Samaki ni ushahidi mzito, Wakili alikiri.

— Au Shangazi aolewe naye. Mambo yaishe.

— Na nani? Shangazi alimkazia macho.

— Na Mzee Mashine. Kiwanja cha mume si ndicho cha mke?

— Povu, mkewe nampelekea kahawa kila siku na ana mkono mzito. Nenda wewe ukamwambie umemtafutia mwenza. Nitakuja kukuombolezea.

Walicheka wote, hata yeye kidogo, kisha akatazama paa la kinyozi. Jua lilikuwa linapanda. Mchana haukuwa mbali, na huko mashineni kulikuwa na mtu mwingine anayekuja kupima kwa hatua zake ardhi ambayo yeye alishapanga ndani ya kichwa chake wapi pa jiko, wapi pa kinu, wapi pa kitanda. Majuzi watu wenye kamba na rangi nyekundu walipita pale wakiweka alama, barabara inakuja. Ndiyo maana Mzee Mashine amekumbuka ghafla kusoma mkataba. Shangazi aliyaona yote hayo waziwazi, na akaona pia kwamba kuona hakumsaidii chochote.

Bomba peke yake hakuwa ametoa wazo. Alikuwa ameinamia kikombe kilichokwisha zamani, anakizungusha.

Ndipo likaja lori la kokoto, likisota, tairi la nyuma limelala. Dereva aliteremka, akazungumza na fundi wa tairi, akaambiwa asubiri. Alitazama huku na huku, akaja akakaa kwenye benchi, mahali pa Wakili hasa, maana Wakili alikuwa amesimama kwa sababu ya samaki. Aliangaliwa. Hakuinuka. Aliomba kahawa, akapewa, akasikiliza mambo ya kibwawa na mawingu mpaka kikombe kikafika nusu.

— Samahani wakubwa, alisema. Mimi mpita njia tu. Hayo maji alikuwa anayataka nani?

— Anayataka vipi? Wakili aliuliza, akiangalia nafasi yake.

— Kwenye huo mkataba. Aliyesema anataka maji ni nani?

— Sharti ndilo lililotaka.

— Sharti linaoga?

Povu aliachia kicheko, akakikata katikati.

— Yule mzee wa mashine alikuwa hana maji? mgeni aliuliza tena.

— Anayo. Yanatoka mashineni kwake tangu enzi.

— Basi hayo ya kiwanjani yalikuwa ya nini kwake?

Walitazamana, kila mmoja akitumaini jibu liko kwa mwenzake. Mgeni hakuwa na ubishi wowote, aliuliza tu kama mtu anavyouliza njia, na pengine kwa sababu hiyo swali lilikaa pale katikati yao na hakuna aliyeweza kulisukuma.

Aliyelichukua ni Shangazi. Alikuwa ameshika kikombe na kitambaa, akaacha kufuta.

— Mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Mimi ndiye niliyeyataka. Nimechoka kubeba ndoo. Bomba aliposema maji yavutwe, mimi ndiye nilisema ndiyo, ndiyo, andika. Mzee Mashine hakuyataka. Yeye yalikuwa mzigo kwake.

— Sasa? aliuliza Povu.

— Ngoja. Ngoja nifikiri, usinikimbize.

Alifikiri akiangalia birika, maana hicho ndicho anachokijua.

— Wewe Povu huwa unaniambia nini? “Shangazi, ikiwa ya baridi sinywi.” Si ndivyo?

— Kahawa ya baridi ni adhabu.

— Haya. Umeshanilipa. Nikaiacha ipoe makusudi. Halafu mtu mwingine akaja anakitaka kikombe hicho hicho, ananipa zaidi. Naweza kukwambia: Povu, nyanyuka, kahawa imepoa, na ulisema ya baridi hunywi, kwa hiyo kikombe si chako tena?

— Thubutu! Povu alikasirika kweli, kama kikombe kilikuwa kimeshanyakuliwa. Ni mimi wa kusema sinywi! Pengine nina kiu, nitainywa hivyo hivyo! Wewe uliyeipoza utanikatazaje?

— Eeeh, alisema Shangazi taratibu.

— Eeeh, alisema Wakili.

Na hapo Bomba akasema, akiwa bado anaangalia ndani ya kikombe chake:

— Alinizuia.

— Nani?

— Mzee Mashine. Nilikwenda na paipu zangu shule zikiwa bado zimefungwa. Akasema subiri kwanza. Nikarudi siku nyingine. Akasema subiri, mfereji utamharibia uwanja. Nikasubiri. Mpaka leo paipu ziko nyumbani, watoto wanaanikia nguo.

— Bomba! Na muda wote huu tunachimba bwawa la samaki umekaa kimya?

— Niliona haya. Nilidhani kosa ni langu, mimi ndiye fundi. Nikawa namwangalia Shangazi usoni na roho inaniuma. Na wala hakuna aliyeniuliza.

Shangazi alitaka kumkasirikia, hasira haikuja. Alimwona amekunja mabega yake mapana kama mtoto aliyevunja sahani, na kilichomjia ni furaha ya ajabu ambayo hakuiamini bado. Alimmiminia kikombe kingine.

— Kunywa. Ulikwenda?

— Nilikwenda.

— Na akakuzuia kwa mdomo wake?

— Kwa mdomo wake. Na msaga unga wake alikuwepo anasikia.

Wakili alikuwa ameanza kutembea mbele ya benchi, huku na huku, kidole hewani. Wanaomjua walijua kuna mlango unafunguka ndani ya kichwa chake.

— Ngojeni. Ngojeni! Ile kesi ya nyumba ya ghorofa. Muuzaji alificha funguo mnunuzi asiingie, halafu akadai mnunuzi hakuingia kwa wakati. Hakimu alikuwa mwanamama, mnene kidogo, hacheki. Akasema: “Mtu ambaye yeye mwenyewe amezuia sharti lisitimie, hawezi...”

Alisimama.

— Hawezi nini? aliuliza mgeni.

— Nikafunga mlango.

— Aaah, Wakili!

— Ilikuwa kazi yangu, jamani! Ningefanyaje?

Alikuwa na uchungu wa kweli. Miaka yote hiyo ya nusu hukumu, na leo ndiyo siku ambayo angetoa chochote apate ile nusu nyingine. Shangazi alimtazama, akamhurumia, akamalizia mwenyewe.

— Hawezi kulishika sharti hilo hilo akamnyang'anye nalo mwenzake.

Wakili aligeuka polepole.

— Wewe ulikuwa ndani siku ile?

— Nilikuwa hapa, naosha vikombe. Lakini angesema nini kingine? Mwanamama mwenye akili zake angesema nini kingine?

— Hana kingine cha kusema, alikubali Povu.

— Sasa nisaidie moja, Wakili, na hili nataka usikisie. Akikataa nikaenda mahakamani, si watamwambia anirudishie hela yangu tu, yeye abaki na ardhi yake?

Uso wa Wakili ulipambazuka.

— Hilo nililisikia mpaka mwisho! Siku hiyo bawaba ilikuwa imeng'oka, mlango haukufunga. Nilisimama nimeushika kwa mkono, nikasikia kila neno. Hakimu alisema ardhi si gunia la mchele, kwamba ukikosa hili utanunua lile. Kila ardhi ni ya peke yake. Mnunuzi ametimiza yake, muuzaji anasuasua bila sababu. Kwa hiyo mahakama inamwamuru akabidhi ardhi yenyewe, si hela. Yenyewe! Na muuzaji alikabidhi. Nilimwona anatoka amenuna.

— Wallahi?

— Naapa kwa kila bawaba niliyowahi kuishika.

Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga. Alichukua simu, akatafuta jina, akaweka sauti ya nje, akaitua juu ya benchi kati ya vikombe. Benchi zima liliinama kama linasomewa dua. Mngurumo wa mashine ulitangulia, kisha sauti.

— Shangazi! Unakuja kuchukua hela yako?

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, marahaba.

— Siji kuchukua hela. Nimepiga kukuambia kuhusu yale maji.

— Hayajafika, Shangazi. Ndivyo tulivyoandika. Masikini mimi ningefanyaje?

— Nimeyasamehe.

— Umeyasamehe?

— Yalikuwa ya kwangu, Mzee. Mimi ndiye niliyeyataka. Kama umeshindwa kuyavuta, siyadai tena. Nakichukua kiwanja kikavu kilivyo. Nitachota kwa kichwa, nimezoea.

— Haiwezekani. Karatasi inasema imekufa. Waliandika hao hao wenzako wa kijiweni!

— Waliandika, na ni wajinga, tunajuana. Povu alifumba mdomo wake kwa kiganja. Lakini hiyo karatasi haikufa yenyewe, Mzee wangu. Bomba yuko hapa. Alikuja kwako na paipu, ukamwambia asubiri. Akaja tena, ukamwambia asubiri. Na kijana wako wa mashine alikuwepo. Ulimzuia mtu kuleta maji, halafu unaniambia maji hayakuja? Sasa mimi sikutishi. Huyo mtu wako akija mchana atanikuta pale. Nitamwamkia, nitamwambia kiwanja kina mwenyewe. Akikubali kununua ugomvi, shauri yake. Na nikifika mahakamani sitaomba hela. Nitaomba kiwanja, na Bomba atasimama kando yangu.

— Nitasimama, alisema Bomba, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuongea kijiweni. Mimi hapa, Mzee. Nitasimama.

Ghafla mngurumo ulikatika, mzee amezima mashine. Walimsikia akipumua. Shangazi akamwazia amesimama pale na unga wake kwenye nyusi, na akajua kwamba si mtu mbaya, ni mtu aliyeona rangi nyekundu barabarani na tamaa ikamshika mkono.

— Shangazi.

— Abee.

— Wewe si ungejenga kwingine penye utulivu? Hapa pana kelele, hutalala.

— Mzee Mashine, hizo kelele ndizo nilizonunua.

Alicheka. Hakutaka, kicheko kilimponyoka, kikavu, cha mtu aliyeshikwa.

— Haya. Njoo uweke vigingi vyako. Nitampigia yule asijisumbue. Na huyo Bomba aje na paipu zake, nisije nikaitwa mnyang'anyi mji mzima.

— Maji nimeshasamehe.

— Na mimi nayaleta. Tuishie hapo. Lakini hao wa kijiweni usije nao! Sitaki hata mmoja aliyeshika kalamu.

Simu ikakatika. Povu alirusha taulo juu, na mteja wake, mwenye sabuni iliyokwisha kukauka, akatoka nje kuuliza nani kafunga goli. Bomba alikuwa ameshaondoka kwenda kuzianua nguo kwenye paipu. Wakili alipapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu, akaijaribu kwenye kiganja.

— Sasa hili lazima tuliweke kwa maandishi, alisema. Kifungu cha kwanza: endapo muuzaji...

Shangazi aliitoa kalamu mkononi mwake, kwa upole kabisa, akamrudishia mfukoni.

— Baba, utaandika. Utaandika kwamba nimesamehe maji na yeye amekubali, tutasaini wote wawili, na Bomba atashuhudia. Halafu tutampelekea mwanasheria wa kweli asome, mpaka mwisho, mlango ukiwa wazi. Lakini hakuna meno.

— Hata jino moja?

— Hata la mtoto.

Hakuwahi kumwita baba hata siku moja. Wakili alilisikia, akakohoa, akageuka kuangalia lori kana kwamba limemvutia ghafla.

Shangazi alifunga kanga vizuri kiunoni. Birika lilikuwa bado limejaa nusu, mkaa bado mwekundu, watu ndio kwanza walikuwa wanaanza kuja. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuondoka kahawa ingali ipo. Alilitazama jiko, akawatazama wao, akachukua simu yake tu. Wakati anavuka barabara aliisikia nyuma yake ile sauti ya mgeni, ya kuuliza tu, isiyo na ubishi.

— Sasa kikombe cha pili nani ananimiminia?

Alisikia birika likigonga kikombe, Povu akipiga kelele kwamba ameungua, Wakili akitoa maelekezo. Shangazi hakugeuka. Alikuwa anakwenda kwake.